Stany wa Chini, Nimero Moja Tena

Kolwezi, Manika, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Kwa Tata Polycarpe Muamba, mwenye kuchora bédé, bitabu bya picha, ya «Stany wa Chini», Lubumbashi

Tata,

Jambo sana. Kama unajiuliza ni nani huyu, ni Mechack Mbayo, mudogo ya Stany. Si Stany wa karatasi, Stany mwenyewe, wa nyama na mifupa, ule ulikuwa unakuyaka kuangalia ku Kasulo na kaye yako ya kuchorea. Shimo ya kuchimba madini ilikuwa mu salon yetu, pale meza ilikuwa zamani. Utanikumbuka: mi njo nilikuwa naimba mubaya na nakunywa bia yako ukigeuza kichwa. Nilisoma mpaka sixième primaire, darasa ya sita, ya kubaki nimejifundisha mu bitabu byako, njo maana mukono wangu wa kuandika ni muzuri kupita wa munganga.

Niko na nimero zote, moja mpaka makumi tatu. Inakosa ya kumi na ine tu, mbuzi ya Mama Blandine iliikula. Kolwezi muzima hakuna musomaji sawa mi. Basi niko na haki ya kukugombeza.

Juzi naenda kwa Modeste, muuzishaji wa bitabu ku soko. Ananiambia: Stany amerudi, nimero moja. Mi nasema, nimero moja namna gani, mutu alikufa ku nimero makumi tatu? Anasema ni nimero moja mupya. Na iko na kuverture tatu, maganda ya inje: ingine Stany anashika nyundo, ingine Stany mu moto, ingine Stany anacheka. Namuuliza, na ndani? Ndani ni moja. Basi tatu ni ya nini? Anasema: ni ya kuuzisha mara tatu, we mujinga. Na yote inafungwa mu plastiki sawa biskuti, juu batu basisome kwa kusimama. Tata, sisi tulikuwa tunasoma kitabu moja batu makumi mbili, migongo kwa migongo, mpaka Modeste anatutupia maji. Njo ilikuwa mupira yetu, njo ilikuwa sinema yetu.

Nilinunua. Kurasa kumi na sita, zamani ilikuwa makumi tatu na mbili. Stany anafungua macho chini ya shati balimufunikia, unageuza: publicité, tangazo ya sabuni. Unageuza tena: unite ya telefone. Na ku mwisho banaandika: «Kwa kujua namna alitoka mu shimo, soma Simba wa Reli, nimero saba.» Simba wa Reli ni mutoto ya nani? Mi simujue.

Sasa sicheke tena. Tata, we njo ulimuzika. Mi na mama tulikaa ku mukeka wa matanga mwaka muzima bila maiti, juu galeri, njia ya chini ya shimo, ilianguka na hakuna mutu alimutosha. Kisha nimero makumi tatu ikafika. Umechora bachimbaji ba shimo ya pembeni, banamukuta, banaogopa polisi, banamuzika palepale chini: banakunja mikono yake, banafunika uso na shati, banaimba polepole. Mama alisema: basi, kuko mutu alimuona, akaenda kumwambia Tata Polycarpe, juu Tata Polycarpe hachoraka kitu hakuambiwa. Siku ile akakunja mukeka.

Ambia bakubwa bako bamurudishe mu udongo. Kitabu nimeficha chini ya godoro, mama hajaiona. Lakini naweza kuficha kitabu, siwezi kuficha soko.

Mi,
Mechack Mbayo, musomaji wa kwanza wa Kolwezi yote

*

Maison Lukano-Bédé, Huduma ya Wasomaji
Lubumbashi, 19 Machi 2024

Bwana Mechack,

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa uaminifu wako. Tunafurahi kuona kwamba kurudi kwa Stany kumekugusa.

Kuhusu kuverture tatu: zimetengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa kukusanya. Ya nne, inayong'aa, itatoka mwezi wa sita, na nakala zake zitakuwa chache sana, kwa hiyo tunakushauri umwambie muuzaji wako akuwekee mapema.

Kuhusu mazishi ya Stany: nimero 30 ndiyo iliyouzwa kuliko zote tangu mwanzo. Wasomaji walilia sana. Ni kwa sababu hiyo tuliamua kumrudisha.

Barua za Bwana Muamba hazipitii tena ofisi yetu.

Kwa heshima,
Chancelle Kabeya

*

Kolwezi, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Tata Polycarpe,

Hii barua nampa Benoît, shofere wa bus, juu anajua avenue yako. Ile ofisi yako iko na mwanamuke anaandika muzuri sana na hasikie kitu. Ananiuzishia kuverture ya ine. Mi naomba kaburi, yeye ananipa kuverture.

Mama ameona.

Alienda ku soko na mihogo yake, akamukuta mwana wake ametundikwa kwa Modeste na pince, kibano ya kuanika nguo. Mama hajue kusoma, unajua, anasomaka picha tu. Akauzisha mihogo yote bei ya bure na akanunua zote tatu. Zote tatu, tata. Alifikiri ni habari tatu. Namukuta nyumbani, amezipanga ku meza, ananiuliza: «Mechack, gani ni ya kwanza? Alishika nyundo mbele ya moto, ao moto ilikuwa mbele? Na hapa anacheka na nani?» Mi nacheka, namwambia: mama, ni biashara, ndani ni moja. Anafungua moja, anafungua ya pili, anaangalia ukurasa kwa ukurasa, na ya tatu pia anaifungua. Kisha anasema: «Tata Polycarpe hachoraka bongo, uwongo haijue.»

Nikasema, mama, we mwenyewe ulikunja mukeka. Anasema: «Nilikunja juu ya kitabu. Na sasa kitabu inasema ni muzima.» Na uko unajua namna Kasulo iko. Mashimo inakutana chini kwa chini, mutu anaingia mu shimo kwa Mwenze, anatokea mu kikoni ya Mama Adèle na anaomba maji. Ilifikaka, batu baliona. Mama anaijua kupita mi. Simushinde.

Sasa kila mangaribi anapasha maji ya kuoga mu ndoo, anaitia nyuma ya nyumba, sawa zamani Stany akitoka mu shimo. Mi naioga, juu isipotee bure. Njo mara ya kwanza mu maisha yangu niko musafi, mabinti ba avenue banashangaa.

Muandikie, tata. Maneno mbili tu: si kweli.

Mechack Mbayo

*

Lubumbashi, 15 Aprili 2024

Mwanangu Mechack,

Samahani kwa herufi kubwa hivi, macho yangu yamechoka. Nimekukumbuka, na bia yangu naikumbuka pia.

Msalimie Mama Florentine. Mwambie bédé ni bédé. Siku hizi desturi imekuwa hiyo, mashujaa hawafi tena, wanapumzika kidogo. Watu wa nyumba ya vitabu wana hesabu zao. Nitazungumza nao. Asijisumbue sana, wala wewe usijisumbue.

Uendelee kusoma. Na shimoni usishuke wakati wa mvua.

Tata yako,
Polycarpe

*

Kolwezi, tarehe 20 mwezi wa tano 2024

Tata,

Uliniambia mama asijisumbue. Basi amekusikia, hayuko tena hapa. Ameenda Dilolo.

Nikueleze. Nimero tatu ikatoka. Mama akainunua mbele yangu, akaniita: «Kuya unisomee.» Stany anaonekana ku gare ya treni, kuko wagon, kuko bamama ba biashara, kuko mupaka wa Angola na basoda. Juu kuko kibao. Mama anatia kidole ku kibao: «Hapa banaandika nini?» Na mi, tata, mi mwenye akili, mi musomaji wa kwanza, najibu mbio sawa ku kalasi: «Dilolo.» Nilitaka aone kama hata herufi ndogondogo najua. Ningesema ni Paris, angekuwa kwake sasa, anapika bukari, ugali yetu.

Ku asubui ya siku ya tatu namuona anafunga mufuko: pagne mbili za kufunga kiuno, shati ya Stany, ile kitabu mu nailon. Nafikiri anaenda ku soko ya mbali. Namuuliza kwa kumucheka: mama, unamupelekea shati ao mihogo? Anajibu: «Shati. Mihogo iko kule.» Na mi nacheka tena. Kamio, lori ya batu ba unga, ikamubeba. Ni mangaribi tu, niliona nyuma ya nyumba ndoo iko bila maji, njo nikaelewa.

Mama ya miaka makumi sita na moja, tata, juu ya magunia ya unga, siku tatu za ile njia.

Niambie nani. Kama kuko mutu alimuona Stany ku Dilolo, niambie jina yake, mi mwenyewe nitaenda kumuuliza. Na kama hakuna mutu, niambie kama hakuna. Usinitumie tena salamu.

Mechack

*

Lubumbashi, 3 Juni 2024

Mechack,

Hakuna mtu.

Nilikuficha jambo na nina aibu. Sichori tena. Macho yangu yalianza kufa miaka mitatu iliyopita, hata nimero ya thelathini niliimaliza pua ikigusa karatasi. Kisha nikauza jina. Nikauza Stany, sura yake, kofia yake, kicheko chake, vyote. Niliweka sahihi nikidhani nauza kazi iliyokwisha, kama mtu anayeuza nyumba ambayo hakuna anayelala ndani. Sikumfikiria mama yako.

Wanaochora sasa ni vijana watatu wa hapa mjini, wana mikono mizuri kuliko yangu. Kasulo hawajafika hata siku moja. Nilikwenda kuwauliza kwa nini Dilolo. Mmoja akaniambia, kwa heshima, hakuwa mtoto mbaya: «Tata, ni kwa sababu nyumba inataka kuuzisha vitabu ng'ambo, kwa Waangola. Tukimweka Stany mpakani, watu wa mpakani watanunua. Akifanya vizuri, tutampeleka mpaka baharini.» Ndiyo sababu yote. Hakuna mtu aliyemwona, hakuna aliyetumwa, hakuna aliyeuliza.

Niliwaambia kuna mama amepanda kamio. Yule Chancelle wa ofisi akauliza kama mama angekubali kupigwa picha na kitabu.

Nenda Dilolo. Msomee Mama barua hii, neno kwa neno, usiruke hata aibu yangu. Benoît atakupa bahasha ya nauli, ichukue bila kunijibu.

Polycarpe Muamba

*

Dilolo, tarehe 22 mwezi wa sita 2024

Tata Polycarpe,

Nimemukuta. Si mbali na gare, pembeni ya mama moja anaitwa Jémima, banauzisha mihogo ya kupika. Amekonda. Batu ba hapa banamujua yote, banamuita Mama Stany bila mi kuwaambia. Kila kamio ikisimama, anasimama na kitabu, anaonyesha shofere ukurasa. Bashofere bengine banamucheka. Bengine, bale babaya kupita, banasema: ndiyo mama, nilimuona, juzi, ku ile ng'ambo. Juu aende na furaha. Nilipigana na moja. Nilishinda, uandike hiyo fasi fulani.

Nikamusomea barua yako. Neno kwa neno, hata ile ya pua ku karatasi. Nilifikiri atalia ao atanipiga. Hapana. Alikuwa anamenya muhogo, akaendelea kumenya. Kisha akaniuliza:

«Na bale balimukunja mikono?»

Mi nasema, bale gani?

«Bale ba nimero makumi tatu. Bale balimufunika uso na shati. Ni nani alimwambia Tata Polycarpe?»

Tata, ile nimero nimeisoma mara mia, naijua kwa kichwa, na ile swali haijanipitia hata siku moja. Mi nilikuwa nagombea kuverture. Mama, mwenye hajue herufi A, njo ameona: kama ya Dilolo hakuna mutu aliisema, na ya galeri? Ananiambia: «Andika. Umuulize. Nangojea hapa jibu yake, kisha nitajua fasi ya kwenda.»

Basi nakuuliza juu mama amesema nikuulize. Lakini sikia sasa ile ya mi mwenyewe, hii sitamusomea.

Danganya.

Sema kuko mutu. Sema ni Dimitri, ule alikuwa anachimba shimo ya Mwenze, alienda Likasi na alikufa kule, hakuna atamuuliza. Sema Dimitri njo alikunja mikono na akaanza wimbo. Andika barua murefu, na majina, na siku, hata mvua kama ilinyesha. Mi ni fundi wa bongo tangu butoto, nakwambia: bongo fupi haiaminikake. Hii moja andika vizuri, tata, kisha hatutakusumbua tena.

Mechack

*

Lubumbashi, 9 Julai 2024

Mama Florentine, sikuambiwa na mtu, nisamehe. Polycarpe.

*

Kolwezi, tarehe 1 mwezi wa kenda 2024

Tata,

Tulirudi. Nimekawia kuandika juu sikuwa na kitu ya kusema, na wewe unanijua, haijafikaka.

Barua yako ilifika ku Dilolo siku ya posho, njo jumamosi, mama anauzisha. Nikaifungua nikimupa mugongo kidogo. Nikaona. Nilikukasirikia, tata, sikufichi. Nilijiambia: basi kama muzee hawezi, mi nitaweza.

Nikaanza kusoma. «Mama Florentine, nakusalimia sana wewe na watoto. Ile ya mazishi ni kweli kabisa.» Nikamuingiza Dimitri. Nikamupa Dimitri bibi, nikamupa kovu ku shavu, nikasema mvua ilikuwa inanyesha inje na chini balisikia maji inatembea. Nikasema balimulaza na kichwa ku fasi jua inatokea. Nikasema Dimitri alivua shati yake mwenyewe, juu ya Stany ilikuwa na udongo. Hata wimbo nikaitaja, ile mama anapendaka ku kanisa. Mama Jémima alikuwa anafuta macho na pagne. Mi mwenyewe, tata, ku mwisho nilianza kuamini, nilikuwa namuona Dimitri.

Mama akangoja nimalize. Akanyoosha mukono, akachukua ile karatasi. Akaiangalia. Akaigeuza nyuma, nyuma hakuna kitu. Akairudisha mbele. Akaniuliza polepole, sawa unaulizaka mutoto mugonjwa fasi gani inamuuma:

«Mechack, maneno yote hii ilikuwa mu mustari moja?»

Akanirudishia karatasi.

«Soma yenye iko.»

Nikasoma yenye iko. Haikumaliza hata pumzi.

Akakunja karatasi, akaitia mu pagne, akauzishia mutu mihogo, akamurudishia chenji. Kisha akasema: «Muzee ya watu, haone tena muzuri na bado alinijibu mwenyewe. Muandikie nimemusamehe.» Basi, nakuandikia. Amekusamehe. Mi bado, lakini nitafika.

Mu kamio, siku ya pili, nilimuuliza: mama, tutandike tena mukeka? Nilifikiri atataka kuanza matanga upya, bandugu batakuya, tutapika, tutalia, kisha itaisha. Anasema: «Nitamulilia fasi gani? Dilolo hayuko. Na kule chini hakuna mwenye alimuona.» Akaangalia njia. «Zamani nilikuwa na kaburi, hata kama ni ya karatasi. Ulitaka bairudishe, na sasa hakuna.» Hakusema kwa kunigombeza. Alisema sawa mutu anasema bei ya unga.

Njo kitu inanikula, tata. Kama ningenyamaza na kuverture tatu zangu, kama nisingejifanya mukubwa wa kuandikia batu barua, angekuwa ku Dilolo bado, juu ya mihogo, na kitabu yake, anaonyesha bashofere. Sijue kama njo ilikuwa mubaya kupita ao muzuri kupita. We uko muzee, pengine unajua.

Yuko muzima. Anakula. Haliye. Maji hapashe tena, mi nimerudi kuwa muchafu. Batu banamuitikia ku njia, Mama Stany, Mama Stany, anaitika. Shati ameipa mutoto ya Barnabé, jirani yetu, inamufika ku magoti.

Nimero ine imetoka juma yenye ilipita. Mama anapita mbele ya Modeste kila siku na kapu yake ku kichwa, hata jicho hageuze, utasema kwa Modeste banauzishaka misumari. Nilifikiri mi pia nitapita bile. Mi njo mwenye kujua yote: bijana batatu, ofisi, Angola, yote. Mi njo nilikusomea we mwenyewe makosa yako.

Mi njo nasimama pale kwa Modeste.

Ku kuverture Stany anapanda wagon, uso hauonekane muzuri, na mi niko naangalia ile wagon inaelekea wapi, kama ni upande wa bahari ao ni upande wa huku. Jana Modeste ananiambia: «Mechack, nunua ao toka, unafungia batu njia.» Namwambia: ngoya kwanza.

Anasema: «Unangoya nini?»

Mechack